Lundo Kwenye Ukuta wa Jiko

Jumapili, 6 Aprili 2025

Nilikwenda Misa na hasira, nikarudi nayo. Padri alihubiri juu ya uvumilivu, nami nilikuwa nawaza ufagio.

Chancelvie, mke wa mwanangu, anafagia. Ndiyo kazi anayoijua kuliko zote. Anaamka kabla ya jua, anafagia lupango, uwanja wetu wote, toka mlango wa nyumba mpaka langoni, na kama angeishia hapo ningemshukuru. Lakini leo nimekuta amefagia mpaka chini ya maua yangu ya dalia. Majani makavu niliyoyaweka pale ili udongo usikauke ameyakokota yote na kuyatia moto. Mashina ya dalia yamebaki uchi.

Yuko kwangu tangu mwezi wa pili, yeye na binti yao Gloire, kwa sababu mwanangu Mwila anafanya kazi Kolwezi na bado hajapata nyumba ya kuwaweka. "Ni muda kidogo tu, mama," alisema kwenye simu. Tangu hapo simu yake inapatikana siku anayotaka yeye.

Nilimwuliza: "Mama Gloire, nani alikutuma kuchoma ile majani?"

"Bamama, ilikuwa buchafu," alijibu, macho chini. "Kwetu ku Mulongo lupango tunafagiaka mpaka inakuwa mweupe. Hata jani moja hatuachake."

"Hapa haiko Mulongo. Hapa iko Kamina, mu lupango yangu minyi, Valérie."

Akachukua ufagio wake, akaenda kufagia upande mwingine.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua kubwa. Ndege wawili, chozi, waligombania ua moja la kana mbele ya dirisha langu mpaka wote wawili wakaloa.

Jumanne, 15 Aprili

Nataka kuandika jinsi bustani ilivyo sasa, kwa sababu huu ndio wakati wake na hakuna mtu mwingine katika barabara hii anayeona.

Watu wanadhani maua ni ya Noeli, mvua zikiwa nyingi. Si kweli. Noeli ni matope na konokono. Maua yanakuja sasa, mvua zinapoanza kuchoka, asubuhi zikiwa na umande na jioni zikiwa na ubaridi kidogo. Kosmosi zimenipita kimo. Tajeti zimejaza njia ya kwenda kwenye choo, mpaka mtu anakwenda huko kama bibi harusi. Dalia zangu, zile nyekundu nzito, zinainama kwa uzito wao wenyewe. Franjipani imeanza kuangusha majani, moja moja, ya njano, bila haraka. Chini ya mpera mapera yameiva mpaka yamechacha, na ndege shore wanayala, wanalewa, wanabishana kama wanaume mbele ya baa. Vipepeo wanakaa juu ya mapera hayo wakifungua na kufunga mabawa. Kwenye bugenvilia kuna kinyonga mmoja mzee. Chancelvie akimwona anakimbia nusu uwanja.

Nday, marehemu mume wangu, alikuwa fundi wa breki kwenye reli. Hakuleta zawadi za maana kutoka safarini, alileta miche. Kana zilitoka Luena, zimefungwa kwa gazeti lenye mafuta. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza shuleni kwa masista, na kila saa kumi nilikuwa narudi hapa, navua viatu, naingia katikati ya maua kusikiliza kimya. Sasa hakuna kimya. Sasa kuna ufagio, na wateja wa Chancelvie. Anasuka nywele, hilo sikatai: vidole vyake vinakwenda haraka mpaka macho yanashindwa kufuata. Wanawake wanatoka mbali kuja kusukwa kwake. Wanakaa langoni, wanatazama bustani yangu na kusema, "Eh, hii pori."

Pori!

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nilikata dalia za altare. Chancelvie alibeba nusu, amenyoosha mikono mbele kama aliyepewa kuku mgonjwa. Watu walizisifu. 

Jumatatu, 28 Aprili

Amekuja Kapenda, shefu wa barabara yetu, mwenye pikipiki nyekundu na sauti ya mtu anayesema na viziwi. Hakuketi.

"Mama Mwila, minyi siko na ubaya na weye. Ordre, ile amri, njo ilitoka kule yulu. Wakubwa banakuya kutembelea. Kila lupango inapashwa kuwa propre, safi. Miti ya chini, majani, maua, yote yenye inaficha nyoka na mbu, tutakata."

"Maua yangu inaficha nani? Sema jina yake."

"Mama, usikasirike."

"Tazama ule mufereji mbele ya nyumba yako, Papa Kapenda. Mbu yako inazaliwa mule, inakuya kulala kwangu. Anza na kwako."

Alicheka. Ndicho kilichonichoma zaidi. Alicheka kama unavyomchekea mtoto aliyetukana bila kujua maana ya neno. Nilipogeuka, Chancelvie alikuwa amesimama mlangoni na Gloire mgongoni, anasikiliza. Hakuwa upande wangu. Niliuona uso wake.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua ya mwisho, nadhani. Kidogo tu, haikutosha hata kulaza vumbi.

Jumamosi, 10 Mei

Kapenda amerudi. Nimemfungia lango, tukasemezana kwa kupitia juu ya ukuta.

Jioni Chancelvie alikuja jikoni, akasimama.

"Bamama, naomba niseme."

"Sema."

"Tukate tu kipande, ile ya karibu na nyumba. Mutoto anachezaka pale. Naogopa."

"Unaogopa nini? Kinyonga?"

"Nyoka, Bamama."

"Miaka yote niko hapa sijaona nyoka mu hii lupango. Nday hakuona. Mwila alikulia mule mule mu maua, na alipata nini? Homa ya kawaida. Woga yenu ya Mulongo muache Mulongo."

Alibaki amesimama kidogo kama mtu mwenye neno jingine. Kisha akatoka. Nilidhani ni kiburi.

Jumamosi, 17 Mei

Nitaandika yote kama nilivyoyakuta.

Jumamosi asubuhi ni mkutano wetu wa Legio ya Maria parokiani. Nilitoka mapema, nikiwa nimejifunga kitenge cha Mama Maria, moyo mwepesi hata. Nilipokuwa narudi, nilipofika kwenye kona, niliona mbingu mahali ambapo haikuwa inaonekana. Ndivyo nilivyojua. Juu ya ukuta wangu siku zote kuna bugenvilia. Leo kulikuwa na mbingu tu.

Lango lilikuwa wazi. Ndani, kosmosi zimelala zote upande mmoja, kama zimepigwa na upepo. Dalia zimekatwa usawa wa ardhi. Tajeti zimekanyagwa, na harufu yake imejaa uwanja mzima, ile harufu kali inayobaki mkononi ukivunja ua. Kana za Luena, hakuna. Franjipani wameiacha shina na matawi mawili. Mpera wameupunguza mpaka unaonekana kama mtu aliyenyolewa gerezani. Shore walikuwa juu ya waya wa umeme, wamejipanga, hawalii. Kiota cha chozi kilikuwa chini, kidogo kama soksi ya mtoto mchanga, na mayai yamepasuka.

Na hayo yote, matawi, mashina, miiba, wameyakusanya na kuyalundika kwenye ukuta wa jiko langu. Lundo linafika kwenye dirisha.

Vijana wa Kapenda walikuwa wanamalizia kunywa maji. Maji yangu, katika kikombe changu.

"Nani alibafungulia mulango?" niliuliza. 

Walitazamana. Mmoja akanyanyua kidevu kuelekea nyumba.

Chancelvie alikuwa amekaa kizingitini, Gloire katikati ya magoti yake. Hakujificha.

"Njo minyi, Bamama. Balisema bakikuta lango imefungwa bataivunja. Nilifungula."

"Ulifungula."

"Nilifungula, na nilifurahi," alisema. "Siwezi kubadanganya."

Sijawahi kumpiga mtoto wa mtu, hata darasani. Leo mkono ulinyanyuka. Gloire akaniangalia, nikaushusha. Niliingia chumbani nikafunga mlango, nikaketi kitandani na kitenge cha Mama Maria, na nilisema maneno ambayo Legio haifundishi.

Jioni Kapenda alipita kwa pikipiki. Alipiga honi. Alisema kwa sauti kubwa kutoka barabarani kwamba vijana watarudi wiki ijayo na mkokoteni kuondoa lile lundo.

Jumapili, 18 Mei

Sikupokea Komunyo. Ningepokeaje?

Jumanne, 20 Mei

Nimeamua: sisemi na Chancelvie. Nikitaka kitu namwambia Gloire, na Gloire anamwambia mama yake. Mtoto, ambaye mimi bibi yake ananiita kambo, anadhani ni mchezo. "Kambo, mama anasema chai iko tayari." "Mwambie mama yako kambo amesikia."

Jumamosi, 24 Mei

Mkokoteni haukuja. Lundo liko.

Alhamisi, 29 Mei

Majani ya lundo yamekauka yamekuwa kahawia. Ukipita, linapiga kelele kama makaratasi. Nimempigia Mwila simu, kwa maajabu akapokea.

"Mama, mutu mukubwa kama weye unagombana na bantu juu ya maua?"

Nilikata simu. Huyu ndiye niliyemlea katikati ya maua.

Jumapili, 1 Juni

Lundo liko.

Jumanne, 3 Juni

Baridi imeingia. Asubuhi moshi wa majani yanayochomwa porini unafunika reli yote, na majivu meusi yanaanguka uwanjani kama vinyweleo. Ndiyo kipwa, kiangazi chenyewe, hakuna tone la mvua mpaka mwezi wa tisa. Wakati kama huu, miaka mingine, ule mti ambao masista waliuita ua la Noeli unawaka mwekundu mbele ya jiko. Sasa uko ndani ya lundo.

Leo Chancelvie alivunja mchezo. Alinijia mwenyewe, bila Gloire.

"Bamama, ile lundo. Tuiondoshe shiye benyewe. Minyi nabeba, mutoto anabeba tutawi tudogo. Jumamosi moja inaisha."

Nilitazama upande wa mtoto, nikasema: "Gloire, mwambie mama yako: aliyekata ndiye ataondoa. Lile lundo litabaki pale mpaka Kapenda aje na mkokoteni wake, na kila anayepita hapa aone alichokifanya. Hakuna atakayeligusa."

Gloire alikuwa mbali, anacheza na kopo. Chancelvie alijibu kana kwamba nimesema naye: "Iko karibu sana na jiko."

"Gloire, mwambie nimemaliza."

Ijumaa, 6 Juni

Lundo liko. Nimeona mijusi wanaingia na kutoka. Chura aliyekuwa anakaa chini ya pipa la maji ameondoka pale. Nadhani naye amehamia huko. Wote waliofukuzwa wamepata mahali pamoja.

Jumatano, 11 Juni

Wakubwa waliokuwa waje kutembelea hawakuja. Nasikia wamepita barabara nyingine.

Jumapili, 15 Juni

Kapenda alikuwa Misani, amekaa mbele, anaimba. Lundo liko.

Alhamisi, 19 Juni

Naandika kwenye benchi la hospitali.

Ilikuwa jana asubuhi, jua halijapata nguvu. Nilikuwa chumbani natafuta soksi. Nilisikia Chancelvie akiita, si kwa kelele, aliita kama mtu anayeshangaa: "Eh. Bamama. Eh." Nikatoka.

Alikuwa amesimama kando ya lundo, ameshika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Makaa yalikuwa yameloa umande, akataka vijiti vikavu vya kuwashia. Aliingiza mkono kuvuta kijiti.

"Imeniluma," alisema.

Nilimwona. Moma, yule nyoka mnene mfupi, mwenye mistari kama majani makavu. Alikuwa amejikunja palepale, hakukimbia. Baridi ilikuwa imemlegeza. Kama asingepumua, nisingejua kwamba si jani.

Nilifanya alivyofanya mama yangu zamani kijijini: nilichana kitenge, nikamfunga mkono juu ya kiwiko. Nilipiga kelele. Majirani walikuja, na wa kwanza kuruka ukuta alikuwa Kapenda, hajavaa viatu. Alinisaidia kukaza kile kitambaa. Wengine walimpiga nyoka kwa majembe, wakalimwagia lundo petroli wakalitia moto, lote, na moto ukalamba ukuta wa jiko mpaka juu. Gloire alikuwa analia, hakuna aliyembeba, mpaka jirani mmoja akamchukua.

Kapenda alileta pikipiki. Chancelvie alikaa katikati, mimi nyuma namshikilia. Ndiyo: nilikaa kwenye pikipiki ya Kapenda, kifua changu kwenye mgongo wa mkwe wangu, naye kifua chake kwenye mgongo wa yule mtu, na nilikuwa namwambia, "Kimbiza, papa, kimbiza." Nilimwita papa, baba, kwa moyo wote.

Kule hospitali muuguzi alitazama mkono, akakunja uso.

"Nani alifunga hivi?"

"Minyi," nilisema.

"Mama, kwa hii nyoka habafungake! Sumu inabakia yote ku mukono, inaoza nyama." Akakata kitambaa kwa mkasi.

Niliuliza dawa ya sumu, ile ya sindano. Hawana. Wamesema labda Lubumbashi. Labda! Nilisimama katikati ya ukumbi nikasema yote niliyonayo, juu ya mji wenye reli, wenye uwanja wa ndege, wenye wakubwa wanaokuja kutazama kama tumekata maua, na usio na chupa moja ya dawa. Muuguzi aliningoja nimalize. Kisha akasema kwa upole, "Mama, iko kweli. Sasa nisaidie kumunyanyula."

Mkono umevimba mpaka begani. Ngozi imekuwa kama ya bilinganya. Analia kwa meno, bila kufungua mdomo.

Jumamosi, 21 Juni

Vidole vinatoa maji.

Jumatatu, 23 Juni

Leo homa ilishuka kidogo akataka kuongea. Nilikuwa nampa uji kwa kijiko.

"Bamama, niko na ndugu yangu mudogo. Nilikuwa naye. Jina yake Kitwa."

"Yeye iko wapi?"

"Nyoka ilimuluma. Nyuma ya nyumba kwetu, mu majani. Baba alimuweka mu pirogi, mu mutumbwi yake, kumupeleka ku santé, ku hospitali. Muto ilikuwa imejaa, ilikuwa mbali. Alikufia mu pirogi, mbele ya kufika. Alikuwa na miaka kama ya Gloire." Alimeza uji. "Tangu siku ile mama alisema hataki kuona jani mu lupango. Njo nilizoea."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Nilikuya kubaambia. Mulisema woga yetu tuiache Mulongo."

Kijiko kilikuwa mkononi. Sikujua nikiweke wapi.

Hii hasira niliyonayo leo siyo ya jana. Ile ya jana ilikuwa na mahali pa kwenda: ilikwenda kwa Kapenda, kwa Mwila, kwa ufagio. Hii inazunguka tu ndani ya kichwa changu. Aliniomba, uso kwa uso, tuliondoe lile lundo. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Nikasema hakuna atakayeligusa.

Ijumaa, 27 Juni

Wamekata kidole cha shahada na nusu ya kile kinachofuata. Alipoamka hakuuliza kama atapona. Aliuliza, "Nitasukaje?"

Mwila hajapokea simu. Nimemtumia ujumbe. Amejibu: "Courage. Nitakuja."

Jumatatu, 30 Juni

Siku ya Uhuru. Bendera barabarani. Tumerudi nyumbani. Uwanja ni mweupe kabisa, ukuta wa jiko mweusi. Naosha kidonda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Mara ya kwanza nilitoka nje kutapika. Sasa sitapiki.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya Misa watu wa barabara yetu waliitwa mbele ya kwa Kapenda kwa mkutano. Nilikwenda kwa sababu Chancelvie alikuwa amelala.

Kapenda alisimama akaanza na usafi, akafika kwetu. "Bandugu, munaona? Nilisema, nikasema tena. Muke ya mutoto wa Mama Mwila, nyoka ilitaka kumuua. Juu ya nini? Maua. Maua inazaa nyoka."

Nilisimama. Nilikuwa mwalimu, najua kusimama.

"Papa Kapenda, ile siku weye ulikuwa ndani ya lupango yangu. Nyoka ilitoka wapi?"

"Mu maua, mama."

"Maua ilikuwa imekufa mwezi moja. Ilitoka mu lundo. Lundo ya nani?"

Kapenda aliwatazama vijana wake.

"Vijana yako njo balilunda, ku ukuta ya jiko yangu. Weye ulipiga honi ukasema mutakuya na mukokoteni wiki inayofuata. Ngapi ilipita, hiyo wiki? Hiyo makosa njo iko yako. Sasa sikiliza yangu. Mama Gloire aliniomba tuiondoshe. Minyi nilikatala, juu ya kasirani, juu nilitaka bantu baone ubaya yako. Njo hiyo iko yangu. Yako na yangu zinafanya kidole moja na nusu. Lakini usisimame hapa kuwekea maua makosa."

 Mwanamke mmoja alijikohoza. Niliketi, na sikusikia tena neno la mkutano.

Jioni Kapenda alikuja. Hakupiga honi. Alisimama mbele ya mkeka wa Chancelvie, kofia mkononi, sauti yake ikiwa ya mtu wa kawaida. "Mama Gloire, minyi nilisahau lile lundo. Nilisahau kabisa. Nisamehe."

"Nimesikia, papa," alisema Chancelvie.  Mimi nilikuwa bado na hasira naye, lakini nilimpa kiti.

Jumapili, 13 Julai

Amejaribu kumsuka Gloire kwa mkono wa kushoto na vidole vilivyobaki. Amefumua. Amesuka tena. Amefumua. Nilitaka kumwambia apumzike, nikamshikia kitana. Mara ya nne mstari mmoja ulisimama, umepinda kidogo. Gloire alikwenda kuuonyesha barabara nzima.

Jumamosi, 19 Julai

Mwila amefika. Ana miwani mpya ya jua. Ameuona ule mkono, akavua miwani, akaivaa tena.

Alikula. Kisha akasema, "Chancelvie, panga bintu. Kesho tunaenda." Na mimi: "Mama, juu ya maua yako muke yangu nusura afe. Sisemi mingi."

Niliondoa sahani yake. Alikuwa na haki, lakini kutoka mdomoni mwake haki hiyo ilinuka.

Chancelvie ndiye aliyejibu. Alikuwa anafagia, ufagio umebanwa chini ya kwapa, mkono wa kushoto unausukuma.

"Nyumba ya Kolwezi iko?"

"Itapatikana. Tutakaa kwanza kwa rafiki."

"Mukono ilipokuwa inaoza, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ku kazi, weye unajua..."

"Minyi ninajua nani alikuwa anatoa usaha. Nyumba ikipatikana, utakuya kutuita. Leo hapana."

Mwila alinigeukia mimi, kana kwamba nilimfundisha mkewe maneno hayo. Nilimwambia ukweli: "Usinitazame. Hata minyi ananikatalia."

Jumatatu, 21 Julai

Mwila ameondoka kwa treni. Gloire alimpungia mkono mpaka mabehewa yakaisha.

Jumapili, 27 Julai

Leo nilichimba mahali palipokuwa na dalia. Viazi vyake viko hai, vinene, baridi mkononi. Waliokata hawakujua kwamba dalia inaishi chini.

Nilivipanga juani. Chancelvie alikuja akavitazama.

"Hapana kuipanda hapa," alisema.

"Hapa njo pahali pake."

"Hapana karibu na nyumba. Kule mwisho, ku ukuta ya nyuma. Na ya mufupi tu, yenye naweza kuona chini yake."

"Dalia haiko mboga! Inakuwa murefu."

"Basi mupande moja moja, mbali mbali. Na majani makavu chini, hapana."

"Bila majani udongo inakauka! Mwezi wa nane inachipuka, jua iko kali, inakufa. Weye unajua nini juu ya dalia?"

"Minyi najua nyoka."

Tulisema hivyo muda mrefu, sauti juu, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta akadhani tunapigana. Maharagwe yaliungua. Nilikuwa na hasira tamu, ya kweli. Tangu Mei sikuwa nimegombana na mtu anayenijibu. Kuamriwa katika lupango langu mwenyewe, na binti aliyekuja na sanduku moja! Mwishoni nilikubali ukuta wa nyuma. Nilikubali moja moja. Nilikubali bila majani.

"Sawa," nilisema. "Lakini bila majani inaomba mayi kila siku, asubuhi na mangaribi. Kutoka ku pompe mpaka kule nyuma. Nani atabeba?"

Tangu aingie nyumbani kwangu ameniita Bamama, akisema nami kwa 'ninyi' ya heshima kama inavyotakiwa kwa mama mkwe. Leo alinyanyua ule mkono wake uliofungwa, akauweka mbele ya uso wangu.

"Weye," alisema. "Weye uko na mikono mbili."

Masikio yaliniwaka. Nilimtazama, akanitazama, na hakushusha macho.

Nikachukua ndoo.